Maneno Yaliyotangulia

Mwatum aliitikia "Karibu!" na asiingie mtu. Ilikuwa mchana mweupe, nyumbani kwao Jadida, Wete, na hodi ile ilikuwa ya mumewe, Himid, na kikohozi chake juu. Alipofungua mlango, baraza tupu. Baadaye Himid akaja kweli, akakohoa vilevile, akapiga hodi ileile.

Mwatum alicheka, maana kazi yao ndiyo hiyo, mambo kuonekana kabla ya zamu yake. Mke na mume walikuwa wakiandika mwongozo wa kiini cha mfumo wa kompyuta, sehemu ya kumbukumbu: prosesa moja, yaani ubongo wa kompyuta, ikiandika mambo mawili, nyingine yaweza kuliona la pili kabla ya la kwanza. Tena alikuwa na furaha yake. Mimba zilizotangulia ziliharibika, na hii imeshika.

Lakini nyumba ikaanza kunuka ubani bila chetezo kuwashwa, na alasiri moja, Himid yuko sokoni, sauti yake ikasikika chumba cha nyuma, ya chini, ya kubembeleza, sauti ileile aliyomtongozea Mwatum: "Mchukue huyo wa tumboni. Mie niache."

Himid aliporudi alimkuta kasimama mlangoni, anamngoja.

"Wamwambia nani amchukue mwanangu?"

"Wallahi sijanena hayo, Mwatum! Nife hapa!"

Na kweli, alikuwa hajayanena. Mwatum alimwamini, masikini. Aliona kama hayajasemwa, basi yatazuilika.

Akaitwa Bi Mize, mganga wa kijiji cha Ole. Alifukiza, akamfunika Himid shuka, na chini ya shuka ikatoka sauti ya kikongwe.

"Wataka nini?" Bi Mize aliuliza.

"Nataka kiti, mtu wa kumpanda. Bibi yake alinifuga, akanilisha. Huyu kaniacha na njaa. Nampanda yeye, ama wa damu yake."

Himid alijua. Bibi alipokufa aliachiwa yeye kupika chano cha jini, sinia la vyakula vyake, kila mwaka, akaona aibu, msomi mzima, akaacha.

Bi Mize alimfunua. "Kubali wewe, mwanangu," alinong'ona. "Ni kupika tu, na watu wajue. Usimtupie mwengine."

Himid alimtazama mkewe, akalitazama tumbo, na Mwatum akamtikisia kichwa, akimwomba kwa macho, akiomba Mungu ulimi ule ufe ganzi, huku ubani ukizidi kukaba koo na mlango wa chumba cha nyuma ukifunguka wenyewe polepole, mpaka Himid akainamisha uso, na kwa sauti ile ya kubembeleza akayasema yale ya alasiri ile, neno kwa neno.

Harufu ikakatika. Himid akainuka mwepesi, akafuta jasho.

"Alhamdulillahi, limeondoka. Nitilie chai, Mwatum, tumalize ile sura."

Mwatum alisogea mbali naye. Alimchukia kuliko alivyoliogopa jini. Mkono wake ulikuwa tumboni, maana mtoto, ambaye hajacheza hata siku moja, alikuwa anacheza.

Bi Mize, na ukongwe wake wote, akapiga magoti mbele ya tumbo lile, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," alisema.