Makombe ya Lundo Jipya

Kila asubuhi Arishat, binti wa miaka kumi na miwili, alijitwika kapu kwenda kuchukua makombe ya konokono wa bahari. Wapika rangi wa mji wa Meninx walimtoa konokono rangi yake ya zambarau, kombe wakalitupa. Baba yake, mwashi Iddibal, aliyaponda makombe hayo na kuyachanganya na chokaa ya kujengea. Sharti lake lilikuwa moja tu: yatoke lundo la kale, kule makaburini, lililooshwa chumvi na mvua za miaka mingi.

Siku ile jua lilikuwa kali, na lundo jipya lilikuwa hapo hapo nyuma ya matanuri ya rangi. Arishat akajaza makapu manne. Yalinuka uvundo, lakini mji wote ulinuka vivyo hivyo, nani angejua?

"Leo umekimbia kweli!" baba akamsifu. "Umeota mabawa?"

Arishat akacheka kidogo, akainamisha kichwa. Makombe yakapondwa, sakafu ya birika la kuhifadhia maji la Shangazi Saturnina ikamwagwa. Shangazi alikuwa mjane mwenye goti bovu, na kisima cha maji matamu kilikuwa mwendo wa nusu siku. Bila birika lile la kukingia mvua asingekuwa na maji ya kunywa.

Siku ya kumi Arishat alishuka birikani kufagia. Sakafu ilikuwa imetoa chumvi nyeupe, na ilimomonyoka chini ya kidole kama mkate mkavu. Alipopanda juu, akaona mawingu meusi upande wa bahari. Miezi saba walikuwa wakiyaombea. Sasa alitamani yarudi yalikotoka, na hakuwa na uwezo huo.

"Mbona umenywea hivyo?" Shangazi akamuuliza. "Mvua hiyo, mwanangu! Piga vigelegele!"

Machozi yakamtoka, akamgeukia baba yake aliyekuwa akikusanya vifaa uani. "Baba, yale makombe... niliyachukua lundo jipya. Yote."

Iddibal akaliendea birika. Alishuka, akaigusa sakafu, akachukua nyundo na kuanza kuivunja. Hajafika katikati, mvua ikamwagika. Shangazi akatoa nje vyungu vyote alivyokuwa navyo, navyo vilikuwa vitano. Kisha wote watatu wakakaa mlangoni mpaka jioni, wakiyatazama maji yakizama mchangani. Hawakuwa na la kufanya.

Wiki nzima Arishat alienda makaburini mara sita kwa siku. Kabla ya kujaza kapu alilamba kombe moja, kuhakikisha halina chumvi. Sakafu mpya ikakauka, ikawa ngumu. Mvua ya pili ilichelewa mwezi mzima, wakinywa kwa vikombe vya kupimiana, lakini ikaja.

Shangazi akachota kata ya kwanza, akaonja, akampa Arishat. "Haya kunywa, mlamba makombe wee!"

"Sikia, mwanangu," baba akasema. "Kazi ya mwashi hufunikwa, macho ya watu hayaioni. Ndiyo maana inataka mtu mwaminifu. Uvivu wako umetupotezea mvua moja. Ungenyamaza, tungepoteza zote."

Arishat akanywa taratibu, asimwage hata tone.