Maji ya Sonara

"Mama, yule alijitetea, na kisa kimekwisha!" Ndivyo baba yako alivyonifokea. Kimekwisha? Haya, nisikilize.

Jirani yangu sonara alivamiwa dukani mchana kweupe, mwizi kamnyanyulia panga. Sonara akafyatua bastola yake mara moja. Kile chumba kidogo, mlio ukamziba masikio. Yule mtu kalala sakafuni, midomo inachezacheza, sonara anaitazama tu, hasikii neno, mpaka mwizi akakata roho.

Polisi wakamwachia. Akarudi kazini; anakula, analala, hana chozi wala woga, gogo tupu. Na masikio hayakufunguka. Mkewe husema, "Nimeolewa na ukuta, jamani."

Juzi kaingia stoo kuchukua mizani. Umeme ukakatika, mlango ukajifunga, giza totoro. Basi humo, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akasikia sauti: mtu anahema, chini, karibu na miguu yake. Kisha taratibu, "Maji. Nipe maji, kaka."

Mkewe alifungua mlango akamwita kwa nguvu. Hakusikia. Alikuwa ameinama, peke yake, anaiuliza sakafu: "Ya friji au ya mtungi?"

Nenda kamwambie baba yako, mjukuu wangu. Mwambie vilevile.