Masizi kwenye Plagi Nne

Injini ilianza kukohoa nusu saa baada ya kuondoka mwalo wa Kirumba, bandari ndogo ya ziwani. Ilikohoa mara mbili, ikanguruma, kisha ikaanza kumisi: silinda moja ilichoma, nyingine ikaacha, na boti nzima ikatetemeka. Mbele yao, upande wa Sengerema, mvua ilikuwa imeshaifuta nchi kavu.

"Haya, fundi," alisema Selina. "Sema tena ni mafuta yangu."

Venant aliinamia injini. Alikuwa fundi wa magari mwenye cheti, na ndiye aliyeifunga injini ile ya gari kwenye boti ya mzee Malimi. Tangu Alhamisi alikuwa akiwaambia watu wa mwaloni kwamba Selina huchanganya petroli na maji. Wateja walimkimbia. Kwa hiyo asubuhi hiyo mama huyo alipanda botini na dumu lake mwenyewe, akasimamia petroli yake ikimiminwa kwenye tangi, akaapa mbele ya wote kwamba injini ikizima atayanywa mafuta yaliyobaki kwa kikombe.

Ikazima.

Upepo uliigeuza boti ubavu. Mzee Malimi aliachia usukani, akatupa nanga. Nanga ikaburutika bila kushika. Upande wa kushoto miamba ilikuwa ikiyapasua mawimbi na kuyatema yakiwa meupe.

"Robo saa," alisema Malimi. "Baada ya hapo tutakuwa juu ya mawe yale."

Venant alichukua spana, akafungua plagi. Zote nne zilikuwa nyeusi na kavu, zimevikwa masizi laini kama ya sufuria ya kuni. Maji kwenye petroli hayaachi masizi ya namna hiyo. Huachwa na injini inayokunywa petroli nyingi kuliko hewa yake, na Venant alimjua aliyeifundisha kunywa. Wiki mbili nyuma, kwa keekee, alikuwa amelipanua tundu la jeti, kipande kidogo cha shaba kinachopima petroli ndani ya kabureta. Alitaka boti aliyoifungia injini izipite boti zote za mwaloni. Alhamisi aliona moshi mweusi, akajua. Lakini watu walikuwa wamemzunguka wakingoja jibu, na Selina akapita na dumu.

Alizificha plagi kiganjani. Akazikwangua kwa kisu, akazifuta kwa shati, akazirudisha. Injini ikawaka, Malimi akaipandisha nanga.

"Ilikuwa nini?" aliuliza Malimi.

"Uchafu tu, mzee."

Uongo huo uliwapeleka dakika tano. Kisha moshi mweusi ukarudi, injini ikamisi, ikazima tena. Wimbi likaingia. Selina alirushwa juu ya fremu ya injini, na ngozi ya paji lake ikapasuka. Aliinuka kwa magoti, akaokota kopo, akaendelea kuchota maji na kuyamwaga nje, damu ikimwingia jichoni. Hakulia wala hakulaani. Venant alimtazama, na uso wake ukawaka moto katikati ya mvua ya baridi.

"Mafuta hayana kosa," alisema. "Nilipanua tundu la petroli mimi mwenyewe. Ndilo linaloziba plagi kwa masizi. Nilijua tangu Alhamisi."

Malimi alimkazia macho. "Na cheti ulichonionyesha kilikuwa cha nini? Ushonaji?"

"Mzee, atatubia nchi kavu," Selina alidakia. "Wewe, inatengenezeka?"

"Inatengenezeka. Nipeni waya mwembamba wa shaba."

Malimi alikata waya wa honi. Venant aliumenya kwa meno, akachomoa uzi mmoja tu. Selina alisimama juu yake akitandaza turubai, mikono imeinuliwa, damu ikimdondokea fundi shingoni. Chini ya turubai hilo Venant alifungua kabureta, akaitoa jeti, akaupitisha uzi tunduni na kukunja ncha zake mbili ili injini isiumeze. Tundu likawa dogo. Akazisafisha plagi kwa mara ya pili.

"Betri ina mkupuo mmoja," alisema Malimi.

Venant aliwasha. Injini ilizunguka kwa uvivu, ikapiga chafya, ikakamata. Minandi, ndege weusi wa ziwani, waliokuwa juu ya mwamba wa karibu waliruka kwa kishindo chake. Boti ilisita, ikajivuta, ikaupa mwamba mgongo. Moshi ulikuwa mweusi, ukawa wa kijivu, kisha haukuonekana.

Walirudi Kirumba.

Wenye boti walishuka majini kuwapokea. Chenge, aliyependa mzaha kuliko wote, alipaza sauti: "Fundi! Maji ya Selina yamewarudisha?"

Watu walicheka. Venant aliruka kutoka botini, maji yakamfika magotini.

"Petroli ya Selina ni safi," alisema. "Injini niliiharibu mimi, nikamsingizia yeye."

"Rudia, hatujasikia," alisema Chenge, lakini hakuwa akicheka tena.

Alirudia, kwa sauti kubwa zaidi. Nyuma yake Selina alishuka, kitambaa cha kichwa kikiwa kimelowa damu. Alikataa mkono wa Malimi, akajitwisha dumu lake, akapita katikati ya watu akielekea sokoni. Hakugeuka.

Venant hakujua kama Selina alikuwa amesikia. Akasema mara ya tatu, ingawa hakuna aliyemwomba.