Maji ya Isaka

Upepo wa Agosti pale viwanja vya Nane Nane, Uyole, haumbembelezi mtu. Uliinua vumbi kutoka mabanda ya ng'ombe na kulimwaga usoni mwa Esnath, naye akajitosa kwenye banda la karibu bila kutazama wanauza nini. Alivaa sweta la kijivu juu ya gauni la kitenge cha zambarau, na kilemba kilikuwa kimeanza kumponyoka. Alipofumbua macho alijikuta mbele ya matangi mawili marefu ya buluu, na pembeni yake mwanaume mrefu aliyejitahidi asicheke.

"Kamwene, dada," alisema mwanaume. "Karibu maji. Vumbi umeshakuja nalo."

Ndivyo Liberatus wa Iringa alivyokutana na Esnath wa Mbalizi. Ningependa kusema moyo wake uliruka, lakini kilichoruka kwanza ni biashara: aliona mteja. Akamwonyesha kichujio kidogo cha kufunga kwenye bomba la jikoni, akapita kwenye makopo ya kuzuia tope, akamalizia na yale matangi, mtambo wa kuchuja maji ya nyumba nzima kuanzia bafuni hadi kwenye sinki. Esnath alisikiliza amekunja mikono, na kila alipoulizwa swali alirudisha swali.

"Unakagua kama mama mkwe," Liberatus alimtania.

"Mama mkwe ninaye nyumbani. Angekuwa yeye, ungeshafunga banda."

Hapo ndipo moyo ulipoamka.

Esnath alimweleza shida yake. Maji ya kisima chao yalitoka bombani meupe, lakini yakilala kwenye ndoo yaliamka mekundu. Chai ilikuwa nyeusi tii hata kabla ya majani kukolea. Blauzi zake nyeupe za kwaya ya Moraviani zilishika rangi ya kutu, na wenzake walianza kunong'ona. Asichokisema ni kwamba kisima kile kilikamilika wiki ile ile mumewe, Isaka, alipofariki kwa ajali ya gari, na kwamba maji yake ya kwanza ndiyo yaliyopikia msiba. Walipeana namba, wakaagana.

Simu ya kwanza kutoka Iringa ilikuwa ya mtambo. Ya pili nayo ilianza na mtambo, ikaishia kwenye habari za baridi, za kwaya na za mtu anayekula peke yake kila jioni. Kufika Septemba, Liberatus alikuwa anapiga kuuliza tu kama amekula, na Esnath alikuwa anavaa hereni kabla ya kupokea, kana kwamba simu ina macho. Kitu kimoja tu hawakuelewana. Kila Liberatus alipomshauri achukue mtambo wa nyumba nzima, jibu lilikuwa lile lile.

"Cha jikoni tu, Libe."

"Mpenzi wangu, mwili wote unaoga kutu, wewe unataka kuokoa sinki?"

"Cha jikoni tu."

Liberatus alidhani anaringa. Moyo wa mtu ni msitu, na msitu wa Esnath ulikuwa na mtu ndani. Kila jioni alijaza maji kwenye beseni na kuliweka karibu na dirisha. Asubuhi alilikuta jekundu, akainama na kusema, "Umeamka, Isaka." Mama mkwe wake, Tusajigwe, hakunywa maji mengine yoyote, alisema mwanawe anawasalimia. Esnath alisoma, alijua kuna kitu kinaitwa madini. Lakini aliamini pia, kwa moyo uleule, kwamba siku atakayoyachuja maji ya nyumba nzima atakuwa amemfukuza mumewe kwa mkono wake mwenyewe. Alimpenda Liberatus, na jambo hilo lilimtisha.

Mwezi Oktoba Liberatus alikuja Mbalizi kukagua kisima. Alishuka na mchele wa Chimala na shati lililonyooka licha ya safari. Mama Tusajigwe alimpokea vizuri, akaketi barazani kuchambua maharage. Kila kitu kingekwenda sawa kama Liberatus asingekuwa fundi hadi kwenye mifupa.

Isaka alizikwa nyumbani, kama ilivyo desturi. Kaburi lake la vigae lilikuwa kati ya kisima na jiko, limezungukwa na maua. Liberatus alivuta futi yake kutoka kisimani, akaliruka kaburi pembeni kama mtu anayeruka mfereji, akasoma namba.

"Kaburi liko karibu mno," alisema kwa sauti. "Hapa lazima tuchuje yote. Huwezi kujua ni uchafu gani unaingia."

Mikono ya Mama Tusajigwe ilisimama juu ya ungo. Kwao Iringa nako watu wanazika nyumbani, kwa hiyo huyu bwana hakuwa na kisingizio. Mgeni hufika, husimama kaburini, huvua kofia na kutaja jina lake. Yeye alianza na vipimo.

"Uchafu," Esnath alisema taratibu. "Unamwita mume wangu uchafu, nyumbani kwake."

Liberatus alijieleza, na kadiri alivyojieleza ndivyo alivyozidi kuharibu. Mwisho alijaza chupa ya maji ya kupeleka maabara, akaaga. Hakuna aliyemsindikiza hata hadi getini, na anayezijua nyumba za Wanyakyusa anajua hilo lina uzito gani.

Simu zake hazikupokelewa tena. Esnath aliacha kuvaa hereni. Beseni liliendelea kuwa jekundu kila asubuhi, lakini sasa alipolisalimia alijisikia kama mtu anayesema uongo kwa watu wawili. Mama Tusajigwe aliliona hilo. Nyumba ilikuwa kimya kiasi cha kusikia maji yakishuka kwenye tangi.

Siku moja mchana Esnath alipokea, labda kwa kuchoka.

"Usikate," Liberatus alisema. "Majibu ya maji yametoka. Kaburi halihusiki. Hakuna vijidudu, ni chuma tu, kiko kwenye mwamba chini. Kikikutana na hewa kinakuwa kutu. Nilikosea, Esi. Nisamehe."

Esnath aliligeukia beseni la dirishani.

"Ni habari njema, Esi," Liberatus aliongeza.

"Kwa hiyo hakuwamo," Esnath alisema.

"Nani?"

"Isaka. Miaka yote nilikuwa naamkia kutu."

Liberatus alikuwa amesimama mbele ya duka lake, Miyomboni, watu wakipishana na mizigo. Akaketi kwenye ngazi. Sasa ndipo alipoielewa ile "jikoni tu", na aliona aibu iliyomfika hadi masikioni.

"Esi, mimi nilipima chuma," alisema. "Sina kipimo cha mtu. Kama alikuwamo au hakuwamo, sijui, na sitakudanganya."

Esnath akalia. Alilia kilio ambacho hakukilia msibani, kwa sababu siku ile alikuwa anahangaika wageni watakula nini. Liberatus hakumwambia anyamaze, na hakukata simu. Kilipokwisha, Esnath alipenga kamasi na kusema kwa sauti nzito, "Njoo ufunge."

"Cha jikoni?"

"Wa nyumba nzima. Ila bomba la nje, la kumwagilia maua yake, uliache kabla ya mtambo. Lile libaki na maji yake. Na ukifika, usianze na futi."

Hakuanza na futi. Alikwenda moja kwa moja kaburini, akavua kofia. Alisema yeye ni Liberatus, mwana wa Yohane, wa Iringa. Kwamba siku ile alipita bila hodi, na anaomba radhi. Mama Tusajigwe alikuwa barazani, anasikia. Kisha matangi ya buluu yakashushwa, kazi ikaanza.

Ilipofika saa ya kukata bomba kuu, mama alimwambia asubiri. Alichota maji ndoo moja, akayamwaga kaburini kidogo kidogo huku akizungumza Kinyakyusa kwa sauti ya chini, muda mrefu, kama mama anayemwelekeza mtoto wake mkubwa. Esnath aliziba mdomo kwa mkono.

"Anasemaje?" Liberatus alinong'ona.

"Anamwambia maji yanabadilika."

"Hayo tu?"

Esnath alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamshuka. "Anamwambia naolewa."

Liberatus hakuwa amelitamka neno hilo kwa mtu yeyote, ingawa alikuwa nalo tangu Nane Nane. Alijifuta mikono kwenye suruali, akamfuata mama, akachuchumaa mbele yake.

"Mama," alisema, "na yeye amesemaje?"

Wakati huo bomba la nje, ambalo hakuna aliyeligusa, likakohoa mara moja, kama linavyokohoa hewa ikiingia. Wote watatu waliligeukia. Hakukutoka tone.

"Hajakataa," mama alisema, na akamkabidhi ndoo tupu.