Kiko cha Narh Odonkor

Jua lilikuwa linazama nilipobeba sufuria kwenda nyumbani kwa marehemu Narh Odonkor, hapa Odumase. Dede Nartey, muuza kenke, yale madonge ya unga wa mahindi, akanicheka.

"Mwalimu, leo umejipikia mwenyewe?"

Nikaongeza mwendo. Ndani ya sufuria mlikuwa na kiko cha kioo cha Narh, na kwa ajili ya kiko hicho dada yangu Maku, mjane wake, angeweza kufukuzwa nyumbani jioni hiyohiyo.

Narh alikuwa fundi wa shanga. Kiko alikitengeneza mwenyewe: alisaga chupa, akajaza unga wa kioo katika kalibu ya udongo, akaweka katikati tabaka la unga wa kung'aa ulionunuliwa Akra, akaufunika kwa kioo tena ili mate na tumbaku visiuguse. Kijiti cha jani la muhogo alichokichomeka humo kiliungua tanuruni, kikaacha tundu la moshi. Unga ule hunywa mwanga wa mchana na kuutoa polepole gizani. Ukinyimwa mwanga, unazimika. Ni hilo tu.

Lakini baada ya mazishi watu walikiona usiku kikimulika dirishani, mahali ambapo jua lilikipiga kutwa, wakapiga kelele kama kuku walioona kicheche. Teye, mdogo wa marehemu, mtu ambaye hajawahi kusaga hata chupa moja, akatangaza kwamba roho ya kaka yake inamwonyesha mchawi aliyemuua: Maku.

Tukapatana. Nikifungie gizani. Kikitoka kinang'aa, Maku aondoke. Kikitoka giza, abaki. Nilikitia katika sufuria ya chuma, nikaziba mfuniko kwa udongo wa tanuru mbele ya macho yao, nikakaa nayo chumbani kwangu tangu juzi.

Chumba cha Maku kilijaa ndugu wa mume. Maku alikuwa ameketi mkekani.

"Shemeji," Teye alinong'ona, "Wazungu walikufundisha kila kitu isipokuwa kuogopa."

"Na wewe hukufundishwa hata kunyamaza. Funga dirisha. Zima taa."

Nikabandua udongo. Nikafunua.

Giza.

"Shika," nikamwambia Teye, nikampa kiko. "Mshike huyo kaka yako."

Chini ya vidole vyake ikatokea rangi ya kijani. Akakiachia kikaanguka mkekani. Nikacheka.

"Ni joto la kiganja chako. Mabaki ya mwanga yakipata joto yanatoka. Au mchawi ni wewe?"

Mtu mmoja gizani akaguna kwa kicheko. Alama za vidole zikafifia, zikapotea. Kiko kikawa kama jiwe.

"Basi?" nikauliza.

"Abaki," Teye akasema, kwa shingo upande.

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kutafuta kiberiti niliposikia harufu. Tumbaku... tumbaku mbichi, inayoungua.

Hakuna aliyekuwa anavuta.

Pale mkekani ncha ya kiko ikaanza kung'aa. Ncha ile inayowekwa mdomoni. Hakuna aliyeigusa. Ikang'aa, ikafifia. Ikang'aa... ikafifia. Taratibu, kama pumzi ya mtu asiye na haraka.

"Na hilo, Shemeji," Teye akanong'ona, "ni joto la nani?"

Nilikuwa nimefundisha fizikia maisha yangu yote.

Nikasikia mlango, kisha miguu uani, mingi, ikikanyagana. Hakuna aliyekumbuka kumfukuza mtu. Chumbani tukabaki mimi na Maku.

Na kile kiko.

"Maku," nikasema kwa sauti ya chini. "Inuka. Twende kwangu."

Katika mwanga ule wa kijani nilimwona akijisogeza hadi ukutani, akaacha nusu ya mkeka wazi, upande aliozoea kulala Narh.

"Si mmeshakubaliana nibaki, Kaka?" akasema. "Rudishia mlango."