Fundi Cherehani Apima Uwanja

Upepo ukivuma, vumbi la uwanjani halibishi hodi. Lilijaa kwenye cherehani ya Mama Fundi, na likamkaba kifua mama yake mzazi. Mwezi mzima bibi wa watu alijifungia chumbani, akikohoa na kununa.

"Mama, leo naagiza nyasi za kupanda," Mama Fundi alimwambia. "Vumbi basi tena!"

Alichukua utepe wake wa kupimia, akauzungusha uwanja mzima. Akapata mita ishirini na nane. Muuza nyasi alikuwa amesema vipande vinne vya nyasi na udongo wake hufunika mita moja ya mraba. Basi akaandika vipande mia moja na kumi na viwili.

Jirani yake, mtunza bustani, aliiona ile karatasi, akacheka.

"He, jirani! Umepima uwanja au kiuno cha mteja?"

"Si nimezunguka wote?"

"Umepima ukingo. Katikati je? Utapata kipara! Na lori la nyasi huja mara moja tu kwa mwezi."

Mama Fundi aliingiwa na hofu. Mwezi mwingine wa kikohozi? Hapana!

"Haya, nifundishe."

"Zidisha urefu kwa upana."

Walipima pamoja. Mita nane kwa sita ni mita za mraba arobaini na nane. Jirani akaonyesha sakafu ya saruji iliyobeba tangi la maji, mita nne kwa mbili.

"Hapa nyasi hazioti. Toa nane."

Zikabaki arobaini.

"Sasa ongeza sehemu moja ya kumi. Kwenye kona utakata, na vipande vingine vitavunjika."

"Kumbe ni kama nguo, lazima uache ya mshono!" Mama Fundi akaongeza nne. Arobaini na nne mara nne, vipande mia moja sabini na sita. "Lo! Ningepungukiwa sitini na vinne!"

"Ila usizidishe mno. Nyasi zikirundikwa siku mbili, zinaoza."

Lori lilipokuja, walizipanga siku hiyo hiyo. Wakamwagilia asubuhi na jioni. Kwa wiki tatu hakuna aliyekanyaga.

Wiki ya nne, bibi alitandikiwa mkeka nje. Upepo ukavuma. Akaziba mdomo, akangoja kikohozi. Hakikuja. Mama Fundi alifurahi hadi machozi yakamlengalenga.

"Mama, chakula tayari. Twende ndani."

"Ndani?" bibi aling'aka. "Nileteeni huku huku. Huko ndani nimekaa vya kutosha!"