Kiu ya Bibi Walburga

Chai ilikuwa na chumvi. Bridget, mtoto wa miaka minane, aliitema kwenye sinki akamwambia mama yake, Gladness, kwa Kiingereza kwamba imeharibika. Gladness akaionja: tamu, sukari vijiko viwili kama kawaida. Akamkingia maji ya bomba. Mtoto akayatema nayo. Ilikuwa saa kumi jioni, Wembley, mwezi wa Desemba, giza limeshaingia na mabasi yamewasha taa.

Kesho yake asubuhi alikunywa vizuri tu. Saa kumi ilipofika, kila kitu kikawa chumvi tena mdomoni mwake, maji ya chupa, juisi, maziwa, hadi kulipokucha. Daktari alimpima damu, hakuona kitu.

Lakini Gladness aliijua ile saa. Tusimwonee huruma upesi.

Miezi mitatu nyuma alikuwa akienda kumhudumia ajuza mmoja nyumbani kwa huyo ajuza, Bibi Walburga, mzaliwa wa Hallein, mji mdogo wa Austria uliobanwa kati ya mlima na mto Salzach. Ajuza hakuwa na habari nyingine ila za mji wake. Mlima ule una chumvi tumboni. Watu waliuchimba tangu kabla ya Kristo, chumvi ikapakiwa mashuani ikateremka na mto, maaskofu wa mji mkubwa ulio chini wakajengea majumba, na wachimbaji wakabaki na midomo iliyopasuka. Zaidi ya miaka mia nne iliyopita walimkuta mtu wa kale ndani ya mwamba, na ndevu zake na nguo zake, amekauka kama samaki ng'onda.

"Kwetu hakiozi kitu, Gladness," alikuwa akisema. "Hata kinyongo."

Gladness aliitikia huku anachezea simu. Kilichomkera ni shuka, maana kila asubuhi alizikuta zimelowa. Basi akatumia ujanja ambao baadhi ya watu wa kazi hizo hunong'onezana: kuanzia saa kumi jioni, maji marufuku. Ajuza aliomba kwa Kiingereza, akaomba tena kwa Kijerumani cha kwao. Gladness akaripoti kwa mwajiri kwenye simu ya kazi kwamba ajuza amekunywa glasi mbili, akavaa koti akaenda zake. Wiki ya tatu alimkuta amekufa, ulimi mkavu, mkono umenyooshwa kuelekea glasi iliyowekwa mbali makusudi. Huo ni unyama, na mimi sitaupamba.

Bridget alipoanza kukonda, mama akapanda treni hadi Tooting kwa Maalim Zulfikar, mzaliwa wa Mombasa, muuza viungo ambaye watu humwendea kwa mambo ya majini. Maalim alimuuliza jambo moja tu, taratibu.

"Mwanangu, kuna mtu umemdhulumu?"

"Hakuna, Maalim."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Maalim akamwamini, akampa kilo mbili za chumvi ya mawe aimwage kwenye pembe nne za nyumba na kizingitini, kwa kuwa jini hakanyagi chumvi, kila mtoto wa pwani anajua hilo. Gladness akaimwaga yote, hata chini ya kitanda cha mtoto.

Saa kumi ikafika. Kwanza ilikuja harufu, ya mwamba mbichi na ya shuka zilizokojolewa. Kisha ndani ya ukuta kukasikika ko, ko, ko, mtu anapiga sululu bila haraka, na kila pigo chumvi iliyokuwa sakafuni ikakua, ikapanda miguu ya kitanda, ikatambaa ukutani hadi dirishani, ikaziba taa za mtaani, ikafika kwenye kope za Bridget aliyelala mdomo wazi akihema, na pale pembeni yake, miguu mitupu juu ya chumvi, ameketi Bibi Walburga, ametulia tuli kama mtu aliyerudi kwao baada ya safari ndefu.

Gladness akampigia Maalim, akamweleza yote kwa kunong'ona: saa kumi, glasi, Hallein.

"Umemtandikia mkeka," Maalim akasema. "Mtu wa chumvi hafukuzwi kwa chumvi. Ungelinambia kweli."

"Mtoe, Maalim, nakuomba."

"Jini mkorofi namtoa. Huyu amekuja kudai haki yake. Muombe mwenyewe."

Gladness alipiga magoti, chumvi ikamchoma. Aliogopa, na kwa mara ya kwanza aliona aibu.

"Bibi, nipe mimi hiyo kiu. Mtoto hana kosa."

Ajuza hata hakugeuka. "Wewe utakunywa," akasema. "Utakaa karibu yake, utamsikia akiomba."

Ambulensi iliwafikisha hospitali baada ya nusu saa. Muuguzi alikuwa mpole. Alisema mtoto amekaukiwa vibaya ila mama asihofu, dripu itamrudisha sasa hivi. Akauchoma mkono mdogo, akatundika mfuko. Gladness, mwenye miaka tisa katika kazi ya kuhudumia wagonjwa, aliuliza hata hivyo mna nini ndani.

"Maji tu, na chumvi kidogo," muuguzi akajibu, akafungulia.

Tone la kwanza likashuka. Bridget akageuza shingo akamtazama mama yake machoni, akamwomba maji kwa Kijerumani.